Petroli, dizeli, gesi au betri: ipi ikae nyumbani umeme ukikatika?

Jenereta yangu ya kwanza niliinunua kwa macho. Kibandiko kilisema kilowati 5.5, muuzaji akasema kubwa haina hasara, nami nikaibeba. Mwaka mzima kazi yake ikawa friji moja, taa nane, televisheni na kuchaji simu, mzigo usiofika wati 600. Lakini ilinguruma vilevile kama inaendesha karakana, na kidumu cha lita tano kilikuwa kimekauka kabla watoto hawajalala.

Kosa halikuwa la mashine. Sikuwa nimejiuliza maswali mawili ambayo sasa namuuliza kila anayeniomba ushauri: umeme kwenu ukikatika hukaa muda gani, na ni kitu gani ndani ya nyumba hakiwezi kuusubiri?

Zinazoshindania nafasi ni aina tano. Kuna jenereta ya petroli ya kawaida, ile ya fremu ya mabomba iliyo wazi. Kuna ya petroli yenye inveta, yaani kifaa cha elektroniki kinachougeuza umeme uwe kama ule wa ukutani, iliyofungwa ndani ya boksi lenye mpini kama sanduku la safari. Kuna ya dizeli. Kuna ya gesi. Na kuna betri yenye inveta, ambayo kwa haki si jenereta, ila inafanya kazi ileile na siku hizi huwezi kuiacha nje. Nitazipima kwa mambo matano: mzigo, mafuta, kelele, matunzo, na nani atakayeiwasha. Bei nimeiacha, kwa sababu ya kununulia utaiona dukani, na ya kuendeshea itajitokeza yenyewe tukifika kwenye mafuta.

Mzigo

Kila chombo kina hesabu mbili za wati: za kukiamsha na za kukiendesha. Kwa taa, televisheni na kompyuta tofauti si kubwa. Msumbufu ni chenye mota. Friji inayokula wati 150 ikiwa inatembea inaweza kudai 600 hadi 1,000 kwa kitambo cha chini ya sekunde, kompresa inapoamka. Pampu ya maji ya nguvu farasi moja hula kama wati 1,000, na wakati wa kuanza huvuta mara tatu ya hapo au zaidi. Utaiona bila kipimo: taa zinafifia, injini inazama kama mtu aliyepandishiwa gunia begani ghafla, kisha inajikaza na kupanda tena. Isipojikaza, breka, ile swichi ya kinga, inaruka.

Chukua nyumba ya kawaida. Friji 150, taa nane za LED za wati 9 kila moja ni 72, televisheni 80, feni mbili 120, ruta 12, kompyuta mpakato pamoja na simu 80. Jumla ni wati 514. Hata friji ikiamka kwa wati 1,000 huku vingine vyote vinawaka, hufiki 1,400. Jenereta ya kilowati mbili inatosha na chenji inabaki. Sasa ongeza ile pampu, na papo hapo unahitaji mashine ya kilowati nne au tano. Chombo kimoja, kinachofanya kazi nusu saa kwa siku, kimeamua ukubwa wa mtambo utakaokula mafuta saa zote nyingine. Kwa hiyo kabla ya kununua kubwa, jiulize kama tangi haliwezi kujazwa umeme ukiwepo. Ikishindikana, pampu iwashwe kwanza, peke yake, na vingine vifuate ikishatulia.

Vya kupashia joto navyo havina huruma. Birika la umeme ni wati 2,000, pasi hupita 1,000, na bafu la maji ya moto ya papo kwa papo huanzia 3,500 kwenda juu. Ushauri wangu ni kuvitoa kwenye hesabu kabisa.

Halafu soma bamba, si kibandiko. Namba kubwa iliyochorwa ubavuni mara nyingi ni ya upeo, ambayo mashine huibeba kwa muda mfupi tu. Ile ndogo kwenye bamba la chuma ndiyo ya kudumu, na hata hiyo usiikamue hadi tone la mwisho. Asilimia 70 au 80 ndipo mashine inapopumua vizuri. Kwenye dizeli utakuta kVA badala ya kilowati: zidisha kwa 0.8, hivyo 10 kVA ni kilowati 8. Na kama unaishi mlimani, toa kiasi cha asilimia 3 kwa kila mita 300 za mwinuko kutoka usawa wa bahari, kwa sababu injini nayo inahitaji hewa. Kwenye mita 1,500, ile ya kilowati 5 imeshuka hadi kama 4.2.

Sasa zipange. Ya petroli ya fremu wazi hubeba mshtuko wa mota vizuri kwa ukubwa wake, ila umeme wake huyumba. Hakikisha ina AVR, kifaa cha kushikilia volti zisipande na kushuka. Yenye inveta hutoa umeme laini kuliko zote za injini, kwa kuwa kwanza huugeuza kuwa wa mkondo mmoja kisha huutengeneza upya kwa elektroniki. Elektroniki hizohizo ndizo hukata mapema ukizidisha mzigo, hivyo pampu nzito si rafiki yake, ingawa nyingi zinaruhusu kuunganisha mbili zisaidiane. Dizeli ni ng'ombe wa plau: haina haraka, haichoki, na hupendeza zaidi ikifanyishwa kazi. Ya gesi kwa kawaida ni injini ya petroli iliyobadilishiwa mlo, na ikila gesi ya mitungi hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu iliyokuwa nayo kwenye petroli. Betri yenye inveta ya kilowati 3 au 5 hubeba mishtuko ya friji bila shida. Kinachoibana si nguvu bali akiba, na hilo ni suala la saa. Jambo moja tu la kuangalia: inveta iwe ya mawimbi laini. Zile za bei rahisi zinazotoa mawimbi ya ngazi hufanya mota zivume na kupata moto.

Mafuta na saa

Hapa ndipo kosa langu lilipokuwa. Jenereta ya kawaida haijui kupunguza mwendo. Kwenye umeme wa 50 Hz, yaani mizunguko 50 kwa sekunde, injini yake ndogo lazima izunguke mara 3,000 kwa dakika, na kwenye 60 Hz mara 3,600, uwe umewasha nyumba nzima au taa moja ya chooni. Kwa hiyo ya kilowati tano yenye mzigo wa wati 500 hukaribia lita moja kwa saa au huizidi. Yenye inveta ya kilowati mbili, kwa mzigo uleule, hushusha mwendo na kunywa karibu nusu lita. Kwa saa nne za jioni hiyo ni lita mbili dhidi ya nne na kitu. Zidisha kwa mwezi, uone ni ipi iliyokuwa rahisi kweli.

Dizeli hutoa kazi zaidi kwa kila lita kuliko petroli. Ya 10 kVA ikiwa nusu ya mzigo hula kama lita moja na nusu hadi mbili kwa saa, lakini hapo inatoa kilowati nne. Ukiipa wati 500 umeidhulumu, na nitarudi kwenye dhuluma hiyo. Gesi ya mitungi hutoa kama kilowati-saa mbili (kilowati moja kwa saa mbili) kwa kila kilo, kidogo chini au juu kutegemea injini. Uzuri wake uko kwenye kuhifadhi: gesi haizeeki. Mtungi uliofungwa leo utakuta nguvu ileile baada ya miaka mitatu, ilhali petroli huanza kuharibika ndani ya miezi michache na dizeli hukaa kama mwaka ikiwa haijaingiliwa na maji. Penye bomba la gesi ya asili hadi nyumbani, huhifadhi kitu kabisa. Ila mtungi mdogo ukivutwa kwa kasi hupoa hadi unafanya barafu nje, shinikizo linashuka, na injini inaanza kukwama huku gesi bado imo. Watu wengi hudhani mtungi umeisha.

Betri hesabu yake ni ya ndoo. Betri ya lithiamu ya kilowati-saa 5 hukuachia kama 4 za kutumia, ukitoa akiba ya chini na kinachopotea kwenye inveta. Ile nyumba yetu ya wati 514, kwa kuwa friji huwaka na kupumzika, hula wastani wa wati 400 hivi. Ndoo inadumu saa kumi. Betri ya risasi ya volti 12 na 200 Ah (ampea-saa) ina kilowati-saa 2.4 kwenye karatasi, lakini usiishushe chini ya nusu kama unataka ikae, kwa hiyo, ukitoa kinachopotea kwenye inveta, una saa mbili na nusu tu. Ndoo ikikauka, imekauka: hakuna kidumu cha kwenda kununua. Umeme ukirudi ijae, au uwe na sola juu ya paa.

Kelele

Ya fremu wazi hupiga desibeli 70 na zaidi ukiwa mita saba kutoka ilipo. Yenye inveta huwa kwenye 50 na ushee hadi 60, na kwa kuwa sikio huhesabu kila desibeli 10 kama kelele maradufu, tofauti hiyo ni ya kuongea kawaida dhidi ya kupaza sauti. Dizeli ndani ya kibanda chake cha kuzuia sauti hukaa katikati. Bila kibanda usiilete karibu na watu. Ya gesi hulingana na ya petroli ya umbo lake. Betri husikii kitu ila feni ndogo. Kwenye nyumba zilizobanana hiki ndicho kigezo cha kwanza, hata kama unajiona una haki ya kupata mwanga wako.

Matunzo

Jenereta ya akiba haifi kwa kazi. Inakufa kwa kukaa. Petroli iliyosahauliwa kwenye kabureta hukauka na kuacha utando wa rangi ya asali unaonata vidoleni, na tundu la jeti ni dogo kiasi kwamba utando huo unatosha kuliziba. Usiku umeme umekatika, unavuta kamba mara ishirini, jasho linakutoka, na mashine ni mpya. Dawa ni tabia: ukimaliza, funga koki ya mafuta na uiache injini ijizimie yenyewe baada ya kumaliza yaliyomo ndani. Mara moja kwa mwezi iwashe robo saa ikiwa na mzigo. Hili linahusu zote mbili za petroli. Oili ya kwanza imwagwe baada ya saa 20 hivi, kisha kila saa 100. Na kabla hujaita fundi kwa mashine inayokataa kuwaka, chungulia kijiti cha oili. Nyingi zina kizuizi kinachozima injini oili ikipungua, na kuna watu wamelipa ufundi kwa kuongezewa robo lita.

Yenye inveta ina jambo lake la ziada. Kabureta yoyote fundi wa mtaani ataisafisha, lakini bodi ya elektroniki ikiungua unanunua bodi nyingine.

Dizeli huvumilia saa nyingi kati ya oili na oili, mara nyingi 250. Adui zake ni maji ndani ya mafuta, vichujio vilivyosahauliwa, na ile dhuluma ya mzigo mdogo. Ikiendeshwa muda mrefu chini ya asilimia 30 ya uwezo wake haipati joto la kuchoma mafuta yote. Yanayobaki huwa masizi na majimaji meusi yanayotiririka kwenye eksozi, na nguvu inapungua taratibu. Ndiyo maana kumnunulia mtu wa taa nane dizeli kubwa ni kumnunulia ugonjwa.

Gesi huungua safi, hivyo oili na plagi hukaa muda mrefu zaidi. Unachokagua ni mipira, viungo na regulata, kwa povu la sabuni. Betri ya lithiamu haidai chochote. Ya risasi ya maji hudai maji ya betri na kivuli: kila nyuzi 10 za joto juu ya 25 hupunguza umri wake karibu nusu.

Nani atawasha?

Swali hili husahaulika kwa sababu anayenunua ndiye mwenye misuli. Lakini umeme hukatika ukiwa safarini, na aliye nyumbani ni bibi wa miaka sabini. Za petroli ndogo ni za kamba. Kubwa nyingi zina ufunguo. Dizeli na gesi za kudumu hufungwa swichi ya kujiendesha inayoona umeme umekata, inaamsha injini, inasubiri itulie, kisha inahamisha nyumba, kwa kawaida kati ya sekunde 10 na 30. Injini hizi zina betri yao ya kuwashia, na ikifa hiyo, mtambo wote wa thamani umekuwa pambo, ikaguliwe. Betri yenye inveta huhamisha kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, kompyuta haizimi hata.

Hili si la kuchagua

Moshi wa injini yoyote, iwe ya petroli, dizeli au gesi, una monoksidi ya kaboni, ambayo huioni, huinusi, na inaua watu wakiwa wamelala. Mashine ikae nje, angalau mita 6 kutoka milango na madirisha, eksozi ikitazama upande mwingine. Barazani si nje. Gereji yenye mlango wazi si nje. Usijaze petroli injini ikiwa ya moto. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hutulia mashimoni na vyumba vya chini, hivyo isikae huko.

Na usiingize umeme kwenye nyumba kwa waya wenye plagi ya kiume pande zote mbili. Umeme huo hutoka hadi kwenye transfoma ya mtaa, transfoma inaupandisha kinyumenyume hadi maelfu ya volti, na fundi aliye juu ya nguzo anaamini laini imekufa. Umeme wa kawaida nao ukirudi, unakutana na wako. Funga chenji ova, swichi ya kuhamisha nyumba kati ya umeme wa nguzo na wa jenereta, yenye nafasi tatu, na ifungwe na fundi umeme anayejua erthi ni nini. Au tumia waya wa kurefushia moja kwa moja kutoka kwenye mashine hadi kwenye friji. Si pazuri kwa macho, lakini ni salama.

Kila moja na mtu wake

Ya petroli ya fremu wazi inamfaa mwenye mota nzito, eneo la nje la kutosha, na umeme unaokatika mara chache. Pia mwenye kazi za mkono, kama kuchomelea, zinazohitaji mashine ya kuhamishika. Yenye inveta ni ya mwenye mzigo mdogo, vifaa vya elektroniki na majirani wa karibu. Dizeli ni ya nyumba kubwa au yenye biashara ndani, mzigo wa kilowati kadhaa, saa nyingi, karibu kila wiki. Gesi ni ya mwenye bomba, au anayetaka mashine ikae miezi bila kuguswa na bado iwake. Betri ni ya mwenye katizo fupi za mara kwa mara, au ghorofani ambako hakuna pa kuweka injini.

Ukijikuta hapa

Umeme hukatika saa mbili au tatu, mara kadhaa kwa wiki: anza na betri. Saa za injini ungezichosha kwa kazi ndogo.

Hukatika kwa nadra, ila ukienda unaenda siku mbili tatu, kama baada ya dhoruba: hapa betri peke yake itakuacha njiani. Gesi au petroli yenye inveta, na akiba ya mafuta unayoitumia na kuijaza upya isizeeke.

Vyote viwili vinakupata: betri ya wastani pamoja na jenereta ndogo ya inveta ya kuijaza. Injini inafanya kazi saa chache mchana ikiwa na mzigo wa kutosha, usiku mnalala kimya. Kwa nyumba nyingi ninazozijua mpangilio huu ungeshinda mtambo mmoja mkubwa, ingawa unadai fundi makini na chaja inayolingana na uwezo wa jenereta.

Kisima chenu kina pampu ya kuzama na hakuna tangi la akiba: nunua tangi kabla ya jenereta. Kisha rudia hesabu.

Una mgonjwa wa mashine ya oksijeni: mashine ya lita tano kwa dakika hula kama wati 300 hadi 350, mfululizo. Betri ishike pale umeme unapokata, injini ipokee ikiwa saa zitarefuka, na mtungi wa oksijeni uwe pembeni kwa siku ambayo vyote viwili vitagoma. Usitegemee kitu kimoja.

Umepanga na huna ruhusa ya kugusa waya za ukuta: betri ya kubebeka au inveta ndogo yenye waya wa kurefushia, vitu unavyohama navyo.

Hujui unaangukia wapi: bandika karatasi kwenye mlango wa friji na uandike kwa miezi miwili saa umeme ulipokata na saa uliporudi. Yangu ilijaa mistari kumi na tisa, mrefu kuliko yote saa tatu na dakika kumi. Ile ya kilowati 5.5 niliiuza kwa fundi wa kuchomelea, na hadi leo nikipita kwake naisikia ikifanya kazi iliyoumbiwa.